Droni na roboti za kupanda miti kwenye mlima wa mawe: kikundi kilipe milioni 9 au kiachane nayo?

*"Shikamoo mtaalamu. Sisi ni kikundi cha mazingira huku Same, kijiji chetu kipo chini ya milima ya Upare upande wa tambarare. Juu yetu kuna mteremko mkali kama eka 30 hivi, mawe na vichaka tu, wazee wanasema zamani ulikuwa msitu. Tumeshapanda miche mara mbili. Kupandisha viriba kule ni mateso, kijana wetu mmoja aliteleza akavunjika mguu, na miche yenyewe karibu yote ilikufa kiangazi. Sasa amekuja jamaa wa kampuni anasema wana droni na roboti, wanapanda miti elfu 40 kwa siku na hakuna mtu wa kupanda mlima. Wanataka laki 3 kwa eka, jumla milioni 9, watadondosha vidonge vya mbegu elfu 60. Vijana wamechangamka sana, wazee wanasema ni utapeli mtupu. Hii teknolojia ipo kweli? Tulipe?"*

Marahaba, na poleni sana kwa huyo kijana, natumaini mguu umeunga vizuri.

Hapa kuna maswali mawili yamefungwa kamba moja. Moja ni kama teknolojia ipo, jingine ni kama itawafaa nyinyi na mlima wenu. La kwanza jepesi, ipo, wazee wasiseme ni uongo. La pili ndilo lenye milioni 9 ndani yake, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Kuna kampuni ilianzia Uingereza ikiitwa BioCarbon Engineering, siku hizi Dendra Systems, wamedondosha mbegu za mikoko kwa droni kwenye delta ya Irrawaddy kule Myanmar. Marekani kulikuwa na DroneSeed ya Seattle, hao walipata kibali cha kurusha droni kubwa kwa kundi juu ya misitu iliyoungua moto, na kwenye vidonge vyao waliweka pilipili ili panya na kindi wasile mbegu, kitu ambacho mimi nilikipenda sana kwa sababu kinaonyesha mtu amewaza yanayotokea baada ya kidonge kugusa chini. Hao hao mwaka 2021 wakanunua kampuni ya vitalu na mbegu, Silvaseed. Yaani watu wenye droni wakaenda kununua kitalu cha miche. Hilo likumbukeni, tutalirudia.

Na hiyo elfu 40 nadhani naijua inakotoka. Kampuni ya Australia inayoitwa AirSeed inatangaza kwamba droni zake zinaweza kudondosha vidonge elfu 40 kwa siku. VIDONGE jamani, sio miti. Jamaa yenu akisema "miti elfu 40" amekata kipande kirefu sana cha safari katikati.

Roboti za ardhini nazo zipo lakini nyingi sio za mlima wenu. Sweden na Finland wana mashine ya kupanda miche inayofungwa kwenye mkono wa ekskaveta, inachimba, inaweka mche, inashindilia. Estonia kampuni ya Milrem na Chuo Kikuu cha Tartu walitengeneza kigari kinachojiendesha chenyewe kupanda miche msituni. Vizuri kabisa, ila hizo ni mashine za nchi ambako msitu umevunwa, ardhi ina udongo wa kutosha na mteremko sio wa kutisha. Mkileta kigari cha minyororo kwenye mawe ya Upare kitapinduka kabla ya saa nne asubuhi. Ureno kuna vijana wamebuni roboti ya miguu sita ya kupanda miche kwenye miteremko iliyoungua, wazo zuri sana na linaelekea huko mnakotaka, lakini bado sio kitu utakachokodi Same kesho. Na ABB mwaka 2023 walipeleka roboti yao ya mikono miwili, YuMi, kwenye msitu wa Amazon upande wa Peru, watu wakaona picha wakadhani inatembea porini inapanda. Hapana, ipo ndani ya kibanda mezani, inatoboa shimo kwenye udongo, inadondosha mbegu, inashindilia, inaweka alama ya rangi. Ni kazi ya kitalu. Miche ikishakuwa tayari, anayekwenda nayo porini ni binadamu.

Kwa hiyo huyo jamaa akisema "droni na roboti" muulizeni roboti yenyewe iko wapi mkaione. Nahisi atabaki na droni peke yake.

Tuje kwenye mlima. Chukua kidonge kimoja tu tukifuate. Ni udongo wa mfinyanzi au vumbi la mkaa limeviringwa na uji wa wanga, mbegu ndani, ukubwa wa gololi. Kinadondoka kutoka juu, na kwenye mteremko mkali kikigonga jiwe kinaruka, kinabingirika, kinakwenda kuishia kwenye korongo pamoja na wenzake mia mbili, mvua kubwa ya kwanza inawazoa wote hadi barabarani. Kingine kinanasa juu ya nyasi, hakigusi udongo, mbegu ikiota mzizi unaning'inia hewani jua linaumaliza siku hiyo hiyo. Kingine kinaangukia njia ya siafu na panya. Halafu kuna kimoja kimeangukia upande wa juu wa jiwe, pale palipojikusanya udongo laini na majani makavu, jiwe linakipa kivuli mchana na mvua ikinyesha maji yanayoshuka mteremko yanakwama pale. Hicho kina maisha. Siku mkipanda mlima kule angalieni vichaka na miti iliyopo sasa imesimama wapi, mingi mtaikuta imejibana kwenye nyufa na nyuma ya mawe, sio katikati ya uwazi. Mlima wenyewe umeshawaonyesha sehemu za kupanda, na mtu mwenye macho anaziona akiwa amesimama pale, droni inayomwaga kwa mistari haizioni.

Hata hicho chenye bahati bado. Mbegu ya mgunga ina ganda gumu, bila kulowekwa kwenye maji ya moto au kupita tumboni mwa mbuzi inaweza kukaa ardhini miaka bila kuota. Mwarobaini ni kinyume chake, mbegu inapoteza uhai ndani ya wiki chache, ukiihifadhi stoo hadi msimu ujao unadondosha maganda matupu. Kidonge hakibadilishi hayo, ni koti tu la mbegu. Na ikishaota ndio mbio zinaanza. Tuseme imeota Novemba kwa mvua za vuli, ina wiki chache za kushusha mzizi chini kabla udongo wa juu haujakauka Januari. Udongo unakauka kutoka juu kwenda chini, mzizi unakimbia kwenda chini, ukipitwa umekwisha. Mche wa kiriba unaingia mbio hizo ukiwa umeshatangulia maana mzizi wake tayari ni urefu wa kiriba. Ndio maana kwenye nchi kame mbegu iliyotupwa inakufa zaidi sana kuliko mche uliopandwa vizuri, na ndio maana narudia ile habari ya kitalu, wenye droni waliinunua wakijua wanachofanya.

Sasa mtaniambia, mbona miche yetu ilikufa pia? Hapo ndipo penyewe. Kabla ya kuzungumza na kampuni yoyote mjue ILIKUFAJE. Pandeni mlimani mkaangalie mabaki. Kama shina limesimama na majani yamekaukia hapo hapo, ni maji, ama mlichelewa kupanda ama shimo halikukusanya chochote. Kama ncha imekatwa kwa kunyofolewa, ni mbuzi. Kama mche umelala, ukiuvuta unakuja bila mzizi na kuna udongo umepakwa kwenye shina, ni mchwa. Kama ulibaki umedumaa tu, ung'oe uangalie mzizi, ukikuta umejizungusha chini kama kamba basi miche ilikaa kwenye viriba muda mrefu mno na mkapanda bila kukata kitako cha kiriba. Sababu tatu za kwanza droni haitibu hata moja, na ya nne mnaitibu wenyewe kitaluni! Mbuzi aliyekula mche wenu wa futi moja atashindwaje na kijani cha vidole viwili kilichoota kutoka kwenye kidonge?

Kuhusu mbuzi nitasema zaidi kwa sababu naona hamkuwataja kabisa, na mtu wa Same asipotaja mbuzi najua kuna jambo. Kondoa ardhi ilikuwa imechimbika makorongo ya kutisha, serikali ikaanzisha mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, wakapanda miti, wakachimba matuta. Kilichokuja kubadilisha sura ya mahali ni uamuzi wa 1979 wa kuondoa mifugo yote kwenye eneo lile lililoharibika. Ulikuwa uamuzi mchungu, watu waliumia, sisemi mfanye hivyo. Ila nyasi na vichaka vilirudi vyenyewe, bila mtu kuviotesha, kwa sababu mbegu na visiki vilikuwepo vinasubiri meno yapungue.

Hiyo inanileta kwenye swali ambalo ningependa mlijibu kabla ya lile la milioni 9. Kwenye eka hizo 30 kuna visiki vingapi vilivyo hai? Mnasema mawe na vichaka. Kichaka mara nyingi ni mti uliokatwa na kuliwa kila mwaka ukashindwa kunyanyuka. Kule Dodoma wanaita Kisiki Hai, LEAD Foundation wakishirikiana na Justdiggit wameifundisha vijiji vingi, unachagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu, unapogoa mengine, unafunga kitambaa kama alama ili watu wajue huyu analelewa, unamlinda. Mzizi wake tayari uko chini kabisa, kiangazi hakimtishi. Kwenye mteremko wa mawe hakuna mche wala kidonge kitakachomshinda. Na huhitaji kubeba mzigo, unapanda mlima na panga na kitambaa basi.

Haya sasa pesa, na hapa wazee na vijana wote wasikilize kwa sababu hesabu haina upande. Vidonge elfu 60 kwa milioni 9. Tuseme baada ya viangazi viwili vimebaki 3 katika kila 100, mtakuwa na miti 1,800, kila mti hai umewagharimu shilingi 5,000. Tuseme vimebaki 10 katika 100, ni miti 6,000, shilingi 1,500 kila mmoja, na hapo kampuni imeshinda hakuna ubishi. Upande wa pili, tuseme mche pamoja na kuubeba, kuchimba na kupanda unakula 2,000, na ukipandwa vizuri inabaki 6 katika 10, basi mti hai ni kama 3,300. Namba hizi nimezitoa kichwani kuonyesha hesabu inavyokwenda, wekeni za kwenu. Lakini mnaona, kila kitu kinaning'inia kwenye namba moja tu, wangapi wako hai baada ya viangazi viwili, na hiyo ndio namba ambayo jamaa yenu hajaitaja. Mwambieni awaonyeshe mteremko aliowahi kupanda miti zaidi ya miaka miwili iliyopita, mvua ndogo kama ya kwenu. Sio video ya droni ikiruka, mteremko.

Na mkifika mezani, msikubali kulipa kwa vidonge. Lipeni sehemu ndogo mwanzoni ya mafuta na mbegu, sehemu kubwa ibaki hadi mhesabu pamoja miti hai baada ya kiangazi cha pili, kwenye viploti mlivyoweka alama mapema. Anzeni na eka moja au mbili. Mbegu wawape sampuli kabla, otesheni 100 kwenye mchanga wenye unyevu hapo nyumbani, mkiona zimeota 20 basi hata malaika wakizidondosha hamtapata msitu. Mwenye bidhaa nzuri atabishana bei lakini masharti haya atayaelewa. Asiyeyataka kabisa, mpeni chai aende zake.

Mtaona kama naipiga vita droni, hapana. Kuna sehemu ningeilipia bila kusita. Yale majabali ambayo mtu akipanda anahatarisha shingo, droni idondoshe pale, hata mbegu 1 katika 50 ikishika ni faida maana mbadala wake ni sifuri. Kupiga picha za ramani mkajua makorongo yako wapi, visiki viko wapi, na kuhesabu mwaka hadi mwaka, hapo haina mpinzani na bei yake ni ndogo kuliko hiyo milioni 9. Na kuna kazi moja watu wanaisahau, kubeba. Japani kwenye milima mikali wanatumia droni kupandisha miche juu, binadamu anapanda mikono mitupu na kukuta mzigo umefika. Droni kubwa za kilimo zinabeba kilo 40 hata 50, ila betri ikiwa na mzigo wote huo inakata dakika chache sana kwa hiyo ni kwenda na kurudi, kubadilisha betri, jenereta chini inanguruma. Tatizo lenu lililovunja mguu wa kijana lilikuwa kubeba viriba, basi tatueni kubeba. Hata punda watatu hadi pale njia inapoishia wangepunguza nusu ya mateso, nasema kwa uzito kabisa, na punda hahitaji kibali cha anga.

Vibali ndio hivyo, droni Tanzania ni lazima kibali, Mamlaka ya Usafiri wa Anga TCAA wanahusika, na nyinyi mko jirani na Hifadhi ya Mkomazi kwa hiyo msikubali kuambiwa "hiyo tutamalizana wenyewe". Muone karatasi. Akikamatwa na droni juu ya mlima wenu mtakaoulizwa ni kikundi.

Kingine, orodha ya mbegu. Iandikwe jina kwa jina kwenye mkataba. Huko chini ukame ni wa mgunga, mkwaju, mpingo, mbuyu, vitu vinavyoijua shida ya hapo. Msipokee "mchanganyiko maalumu". Kenya kule Baringo miaka ya themanini mwanzoni waliletewa mti wa kuzuia jangwa, unaitwa mathenge, leo umefunga malisho na njia za maji na watu hawajui waufanyeje. Na Amani kule Usambara msizi uliletwa kwa ajili ya mbao, ndege wakala matunda wakasambaza mbegu, ukaingia hadi kwenye msitu wa asili. Mche mbaya uliopandwa kwa mkono mnaweza kuung'oa, mbegu mbaya elfu 60 zilizomwagwa kwenye majabali nani atazifuata?

Ningekuwa mimi na kikundi chenu, vuli hii nisingepanda kabisa eka zote 30. Ningeitisha mkutano wa kijiji tupate sheria ndogo ya mbuzi kwenye robo moja tu ya mteremko, wenye mifugo wapewe haki ya kukata majani na kubeba ili wasione wameporwa. Ningelea visiki humo. Ningechimba vishimo vya nusu mwezi, mdomo ukiangalia juu, nyuma ya mawe na kwenye udongo uliojikusanya, wakati ardhi bado ina unyevu na mtaimbo unaingia, na kwenye kila kimoja mche mmoja au mbegu tatu zilizolowekwa, zifukiwe kwa kidole. Mvua za kwanza kubwa zikinyesha ndio siku ya kupanda, sio siku mgeni rasmi atakapopata nafasi. Majabali ya juu wapeni hao wenye droni wajaribu kwa masharti niliyosema.

Kuna mambo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Afisa misitu wa wilaya apande na nyinyi, awaambie pia mpaka wa eneo uko wapi, maana msitu wa Chome huko juu uko chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, na usije ukapanda kwenye ardhi isiyo ya kijiji. Mbegu na ushauri wa aina za miti TFS wanao, na TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, wana kituo Lushoto, sio mbali na nyinyi.

Na moja ambalo haliwezi kusubiri. Mmesema kijiji kiko chini ya mteremko. Kama juu kuna nyufa ndefu ardhini zinazokatiza mteremko, miti iliyoinama upande mmoja, au chemchemi mpya imetokea mahali palipokuwa pakavu, acheni kuchimba vishimo hapo kwa sababu mtakuwa mnaingizia maji kwenye ardhi inayotaka kushuka. Katesh tarehe 3 Desemba 2023 matope yalitoka Mlima Hanang, mlima wenye msitu, yakaua watu wengi, kwa hiyo miti peke yake haizuii maporomoko ya kina kirefu. Dalili hizo mkiziona mjulisheni mwenyekiti wa kijiji na ofisi ya mkuu wa wilaya siku hiyo hiyo waje na mtu wa jiolojia, na wenye nyumba zilizo kwenye njia ya korongo walale kwa ndugu zao mvua zikikolea mpaka pakaguliwe.